Wito wa Maisha Hauji na Viza

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni hupenda kuihesabu siku tuliyopanda ndege kuwa ndiyo iliyogeuza maisha yetu. Sikubaliani na hesabu hiyo. Kuhama hubadilisha anwani na kipato, lakini mtu anaweza kukaa ugenini hadi akapewa uraia bila kujua hasa anaishi kwa ajili ya nini, kama ambavyo angeweza kuzeekea nyumbani bila kujua.

Mfano unaotajwa sana ni wa Mohandas Gandhi, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1893 akiwa wakili kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja, na usiku wa tarehe 7 Juni akateremshwa kwenye treni huko Pietermaritzburg kwa kukataa kuhama behewa la daraja la kwanza, ilhali tiketi anayo. Wasimulizi wengi huishia hapo. Lakini fedheha ya namna ile waliionja wengi, nao wakaendelea na safari zao. Kwangu mimi, tukio la mwaka 1894 lina uzito zaidi: kesi iliyompeleka imekwisha, anaagwa mjini Durban arudi India, ndipo anapoona gazetini habari za mswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal, koloni lenye mji huo, haki ya kupiga kura, na wenzake wanamsihi abaki walau mwezi mmoja. Alibaki. Agosti mwaka huohuo chama cha Natal Indian Congress kikaundwa, na hakuiaga Afrika Kusini moja kwa moja hadi 1914. Kilichomgeuza ni ombi la watu, tena lililomkuta safarini kuondoka.

Na hapo ndipo nyumbani na ugenini vinapotofautiana. Nyumbani maombi hayakatiki: huyu ana fomu ya kujaziwa, yule anataka aandikiwe barua ya kuomba kazi, na kwa kuwa yote huja kwa jina la undugu, unayatimiza kwa mkupuo mmoja bila kujiuliza ni lipi ungelifanya hata bila kuombwa. Ugenini simu hailii. Ndiyo maana, siku mhamiaji mwenzangu aliponiletea barua ya uhamiaji aliyoikunja hadi ikachanika kwenye mikunjo, nikamsomea mstari kwa mstari mpaka akaanza kuuliza maswali badala ya kuomba dua, niliitambua kazi ninayoiweza na kuipenda. Nyumbani nilikuwa nikiifanya kila wiki, wala sikuwahi kuiona. (Ukimya huohuo, nikiri, huwavunja wengine.)

Wanaoniuliza kama basi ni lazima mtu abaki huku, huwa nawatajia Wangari Maathai. Alirudi Kenya mwaka 1966 baada ya masomo Marekani, akakuta kazi aliyoahidiwa chuoni amepewa mwingine. Alipata nyingine katika anatomia ya mifugo, na miaka kadhaa baadaye, akiwa mashambani kukusanya kupe kwa utafiti wa ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, aliona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda. Harakati zake za kupanda miti, za Ukanda wa Kijani, zilianza mwaka 1977, miaka 11 tangu arejee, na chanzo chake kimojawapo ni safari hizo za kutafuta kupe.