Bei ya Kitabu Pepe Ipangwe na Nani?

Mtunzi wa Dar es Salaam anayepanga kuuza riwaya yake fupi kwa shilingi 3,000 hajakosea hesabu, kwa sababu anamfahamu msomaji wake: ni kijana anayepanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, anayesomea kwenye simu, na anayepima kila matumizi kwa nauli ya kesho. Bei hiyo imetokana na maisha ya hapa.

Duka kubwa kuliko yote la vitabu pepe duniani lina kipimo kingine. Amazon humlipa mtunzi anayejichapishia asilimia 70 endapo bei ya kitabu iko kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa tu. Chini ya hapo mgawo ni asilimia 35. Shilingi 3,000 ni dola moja na ushei, kwa hiyo mtunzi wetu atabakiwa na kama shilingi 1,050. Akitaka daraja la juu, sharti la kwanza ni kupandisha bei ipite shilingi 7,000. Naliona jambo hili kuwa zito, kwani ngazi hizo zilipimwa kwa mfuko wa Mmarekani, nazo zinamwadhibu anayemuuzia maskini.

Ugomvi wa bei si mpya. Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe, kilipoingia sokoni mwaka 2007, vitabu vipya vyenye mvuto viliuzwa dola 9.99, mara nyingi chini ya kiasi ambacho duka lenyewe lilimlipa mchapishaji. Mwaka 2010 Apple na wachapishaji wakubwa watano walikubaliana kwamba mchapishaji ndiye apange bei, na bei zikapanda. Serikali ya Marekani ikawashtaki mwaka 2012, na hatimaye Apple ikalipa dola milioni 450. Naamini mahakama ilikuwa sahihi, maana washindani kupatana pembeni ili kupandisha bei ni kumwibia msomaji. Hata hivyo, kosa lilikuwa kule kupatana, wala si wazo la mchapishaji kupanga bei ya kazi yake. Ufaransa ililipitisha wazo hilo waziwazi kwa sheria ya mwaka 2011, na kila duka huuza kwa bei hiyo moja.

Kwetu sheria ya namna hiyo ingekuwa ya mapema mno, kwa kuwa mshindani mkali wa mtunzi ni nakala ya bure inayosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Anayeipata kwa dakika moja hatahangaika kutafuta kadi ya benki. Ninachotaka ni maduka kadhaa ya hapahapa, yanayoshindana, yanayopokea malipo kwa M-Pesa na Airtel Money, na yanayompa mtunzi wa kitabu cha shilingi 3,000 mgawo uleule wa asilimia anaoupata mwenzake wa kitabu cha shilingi 20,000.