Hiana ya Wakwe Zangu

Kwa kuwa rafiki yangu niliyemchukua kuwa mshenga ameshasambaza masimulizi yake katika makundi matatu, tena akiongeza kwamba nilitimuliwa kwa ufagio, nimeona ni heri nieleze mwenyewe yaliyonikuta Tanga Jumamosi. Ufagio haukuwapo.

Mimi ni mtu wa bara, na neno hiana nililijua kwa kulisikia katika taarabu, ambako huvutwa kwa sauti laini hata nikaamini kuwa ni ndugu wa hisani. (Mnaoanza kucheka, subirini, bado sijafika.)

Pilau ilipokuwa ikielekea ukingoni nilisimama, nikakohoa kiutu uzima, nikasema: "Wazazi wangu, sifa za hiana ya nyumba hii nilizisikia tangu nikiwa Moshi, na leo nimeionja mwenyewe." Shangazi wa binti, aliyekuwa akipeleka kikombe cha kahawa mdomoni, alikisimamisha hewani. Nikadhani ameguswa. Nikaendelea kwamba hata binti yao nilimpendea hiana yake, ambayo bila shaka ameirithi kwa mama, na kwamba Mungu akitujalia watoto tutawalea kwa hiana hiyohiyo. Palitulia hata nikamsikia nzi aliyekuwa akizunguka sinia. Mama mkwe akajitanda upya khanga yake, akanitazama mkono, akauliza polepole: "Baba, hiana ipi uliyoiona hapa, na mnofu bado umeushika?"

Nilikuwa nimeushika kweli.

Babu wa binti ndiye aliyeniokoa, kwa kunifundisha mbele ya wote. Bahili, alisema, hukunyima akiogopa kwamba chake kitapungua, ilhali mtu wa hiana ana mtungi uliojaa pomoni na bado atakunyima kata moja ya maji, kwa sababu tu hapendi kukuona umeburudika. Akaongeza kwamba asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya usaliti, na kwamba haini na uhaini ni wa ukoo huohuo. Kumbe nilikwenda kuposa, nikaishia kuwasomea wakwe mashtaka.

Niliomba radhi, wakacheka, mahari yakapangwa, tukaondoka.

Jana nimepokea kwa basi kifurushi cha halua kilichoandikwa juu: "Kwa hiana ya mama mkwe." Mshenga ameshapata habari na anaomba kipande. Nimemjibu kwamba neno lile sasa ninajua kulitumia.