Mlalo isimuliwe na waliolima miteremko yake

Wageni wengi wanaotembea kwa miguu katika Milima ya Usambara Magharibi hutoka Lushoto, wakakatiza msitu wa Magamba, wakalala njiani, kisha wakaishia Mtae. Kule ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi yote imetandazika chini yako. Picha zinapigwa, safari imekwisha. Mtae ni pazuri mno, sibishi. Kinachoniuma ni kwamba mgeni ameukanyaga mteremko siku nzima na hakuna aliyemweleza habari zake. Na habari hizo, kuliko mahali pengine popote, ziko Mlalo.

Mlalo ni bonde kama bakuli, limezungukwa na milima, na Mto Umba unapita humo kabla ya kuporomoka kwenda nyikani, hadi unamwaga maji yake baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Wasambaa tangu zamani walipenda kujenga juu ya vilima, migomba ikizunguka nyumba na mashamba yakishuka chini. Familia iliyojiweza haikutegemea shamba moja. Ilikuwa na kipande juu penye baridi, kingine katikati, kingine huko chini nyikani, ili mvua ikigoma upande mmoja, chungu kisikose cha kupika. Kwa hiyo watu walitembea sana, kupanda na kushuka, jembe begani na mzigo kichwani. Vijia tunavyowapitisha watalii leo ndivyo hivyo hivyo. Ni njia za kwenda shamba, na bado zinatumika kwa kazi hiyo.

Habari za watawala zinajulikana zaidi, kwa hiyo sitazirefusha. Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, aligawa nyama kwa Wasambaa na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, nchi iliingia katika vita vya kugombea madaraka, na watu wengi wakauzwa utumwani. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa shirika la Betheli wakaanzisha kituo chao Mlalo. Yote haya muongozaji mzuri atakueleza.

Asichokueleza ni matuta.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulipelekwa Usambara nzima. Watu waliamriwa kuchimba matuta yanayokinga mteremko, kuacha kulima sehemu zenye mwinuko mkali, na kupunguza mifugo. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji, hilo lisemwe wazi. Lakini tazama nani alibeba mzigo. Mashamba mengi ya chakula yalilimwa na wanawake, na matuta yaliwaongezea kazi nzito bila kuwaongezea mavuno ya maana. Mwenye mashamba mengi aliweza kuacha mteremko mkali akalima kwingine. Mwenye kipande kimoja angelima wapi? Na aliyeazima kipande cha kupandia maharage kwa msimu mmoja alijua kwamba akikichimbia matuta, mwenye ardhi ataanza kujiuliza kama anataka kukitwaa. Mpango ulichezea haki za ardhi za watu wa bonde zima, huku wenye kuupanga wakidhani wanashughulikia mmomonyoko tu.

Watu waligoma. TANU, chama kilichodai uhuru, kilipoundwa mwaka 1954, wanachama wake Usambara waliikuta hasira hiyo tayari, wakaisemea. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, nako matuta yalizua ghasia mwaka 1955. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango wa Usambara ulikuwa umeachwa. Kwangu mimi hiyo ni sura ya historia ya uhuru wa nchi yetu, na iliandikwa kwa jembe. Inanisikitisha kwamba bado kuna wanaoisimulia kana kwamba wakulima walikuwa wajinga wasiojua faida ya udongo wao.

Ushahidi kwamba hawakuwa wajinga uko shambani. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, ukisaidiwa na Wajerumani, na sehemu ya mambo yake yalishika. Simama kando ya shamba la mahindi lenye mwinuko utayaona majani ya guatemala yamepandwa kwa mstari, yakifuata usawa wa mlima. Ni marefu na mizizi yake hushika sana. Mvua ikinyesha, udongo unaotiririka unanaswa hapo, na mwaka baada ya mwaka unajaa nyuma ya mstari hadi mteremko unaanza kuwa ngazi yenyewe, bila mtu kuichimba. Muda si mrefu atakuja mtu na mundu, akate mzigo, aufunge, ajitwike apeleke zizini. Ng'ombe anakula, samadi inarudi shambani. Majani hayo yanamlipa mkulima kwa maziwa. Tuta la mwaka 1950 lilimlipa nini?

Ndiyo maana nasema safari ya Mlalo iongozwe na watu wanaolima pale. Vijana wanaotembeza wageni ni hodari wa vinyonga na ndege, nawapongeza, ila wakae na wazee wao. Mgeni asimame dakika chache kwenye mstari wa majani, aoneshwe udongo uliojaa juu yake na ulivyoshuka chini yake. Mwenye shamba ambalo njia imepita kwake apate chochote katika malipo ya safari, maana mvua ikishaharibu kijia, yeye ndiye hukitengeneza. Sisi Watanzania tunaokwenda Lushoto kutafuta baridi na kununua mapeasi tutumie siku moja zaidi tufike huko.

Na kuna jambo la haraka. Walioyaona matuta yakichimbwa walikuwa watoto, na leo wamevuka miaka 80. Wengi wangependa kueleza kwa Kishambaa, na wajukuu wao wanakielewa vizuri. Simu ya mkononi inatosha kuwarekodi. Shule za sekondari za pale zinaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo likizo ijayo: kila mmoja amkalishe bibi au babu mmoja, amuulize nani alichimba, nani alifungwa, na shamba lipi.