Ukuta mmoja, bei tatu

Ukuta ni mmoja, uko Mtopanga, urefu mita 4, kimo mita 3. Plasta imebambuka kwa chumvi, kama kuta nyingi za Mombasa. Waite mafundi watatu wautazame, kila mmoja kwa wakati wake. Utapewa bei tatu zisizo na undugu hata wa mbali.

Wa kwanza hapimi. Anasimama mlangoni, anafumba jicho moja, anagonga ukuta kwa kidole: "Bosi, kazi ndogo hii, siku mbili tu." Tepu anayo mfukoni, inapumzika. Bei yake ndiyo ya chini. Usishangilie. Hiyo ni ya mkono tu: saruji yako, mchanga wako, kibarua wa kukoroga wako, na chakula cha mchana, wallahi, nacho chako. Wa pili ametaja mkono na vifaa pamoja. Wa tatu hajasema, na ukimuuliza ananuna kana kwamba umemuuliza mshahara wa mkewe. Haya, zilinganishe!

Basi hesabu mwenyewe. Mita za mraba 12, plasta unene wa milimita 12, saruji 1 kwa mchanga 4: mfuko wa kilo 50 unapiga takriban mita za mraba 10. Mawe ya matumbawe ya ukuta huu yana mashimo, yanakula zaidi, lakini mifuko 2 inatosha. Aliyeandika mifuko 5 anajenga na kwake. Aliyeandika mmoja ndiye wa kuogopwa: atakoroga 1 kwa 8, na plasta hiyo utaifagia.

Halafu mchanga. "Mchanga ni mchanga, mzee." Hapana! Wa ufuoni ni rahisi, na una chumvi. Ukuta ukilowa chumvi inayeyuka; ukikauka inaganda karibu na uso na kuisukuma rangi mpaka ivimbe. Kwenye zege lenye nondo ni balaa zaidi: nondo inashika kutu, inanenepa, zege linapasuka. Lamba kidogo, wacha wakucheke. Kisha tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope hulala juu. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, lori lirudi lilikotoka. Na maji ya kukoroga je? Visima vyetu vingi navyo vina chumvi. Yapo kwenye bei maji matamu, au mitungi utainunua wewe huku mchanganyiko unakauka kwenye karai? Plasta inataka kumwagiliwa siku 7, na hapo fundi keshahamia kwa mwingine.

Waulize pia wanabandua mpaka wapi. Mpaka kwenye mawe, na kuvuka doa kwa nusu mita, au wanafuta kwa brashi na kufunika? Unyevu ukipanda kutoka chini au bomba likivuja nyuma ya ukuta, plasta mpya itaoza kama ile ya zamani. Hilo hakuna aliyelitaja, maana halimo kwenye gharama ya mtu. Na kifusi! Magunia ya plasta kuukuu yarundikwe mlangoni pako, mwenye mkokoteni aje na bei yake ya nne.

Ukisikia "depoziti ya vifaa", nenda hadiwea mwenyewe, risiti ibaki kwako. Mkono ulipe kwa hatua: kubandua kukiisha, koti la kwanza la plasta likishika, na kiasi kibaki mpaka ukuta ukauke. Pesa ikitoka yote mwanzo, simu ya fundi nayo huanza kutopatikana.

Rangi? Subiri kama mwezi hivi plasta ikauke. Ukiwauliza wote watatu kama rangi imo kwenye bei, watakubaliana kwa mara ya kwanza: haimo.