Kuongeza RAM mwenyewe ukiwa Lamu

Kompyuta mpya za mezani za bei ya kawaida bado zinauzwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi zilizofunguliwa, ya gigabaiti 8. Windows 11 inadai 4 tu, kwa hiyo mashine itawaka na barua zitaandikwa. Lakini mwenye duka la huduma pale Usita wa Mui, barabara kuu ya ndani ya mji wa Lamu, anayewafungulia wateja kurasa za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, huku anaskani na kuchapisha, ataiona ikianza kujivuta kabla ya adhuhuri. Kijana anayekata video za harusi atateseka zaidi, maana RAM ikijaa kompyuta hugeuza diski kuwa mahali pa kuegesha kazi, na diski ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Basi, afungue kasha aongeze mwenyewe, au amwachie fundi?

Wanaokataa wana hoja, na si hoja za woga. Ya kwanza ni waranti, yaani dhamana ya kutengenezewa. Kwa nyuma utakuta kibandiko kwenye skrubu kinachosema ukikibandua, umepoteza haki yako. Marekani ina sheria ya waranti tangu 1975, na mwaka 2018 serikali yao ilizionya kampuni kadhaa juu ya vibandiko vya aina hiyo. Lakini muuzaji wa Mombasa haendeshwi na sheria ya Marekani. Yeye anatazama risiti yake.

Hoja ya pili ni kununua RAM isiyoingiana na mashine yako. DDR4 na DDR5, aina mbili za RAM za kompyuta za mezani, zote zina pini 288 na kwa jicho la haraka zinafanana, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja, na moja haingii penye nyingine. Kompyuta ndogo za mezani nazo mara nyingi hutumia vipande vifupi, vile vya laptopu. Kosa hili siku hizi linauma kweli. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, kwa sababu watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wanakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida RAM zake za Crucial.

Yote hayo nayakubali. Hata hivyo waranti yenyewe inapungua uzito ikishavuka maji. Ikiwa duka liko Mombasa, kompyuta itashushwa gatini kwa mkokoteni au punda, ipakiwe kwenye boti hadi Mokowe, halafu basi lipite Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300, na safari iwe hiyohiyo wakati wa kurudi. Watu huhesabu nauli na ada ya fundi; hawazihesabu siku ambazo duka litakaa bila mashine na wateja watakaozoea kwenda kwa jirani. Na mashine inayotikiswa barabarani kutwa nzima inaweza kufika na kebo iliyolegea ambayo haikuwa imelegea ilipoondoka. Yote hayo kwa kazi ya robo saa.

Kazi yenyewe iko hivi. Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili umeme uliobakia uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, ili umeme tuli wa mwilini utoke. Legeza vishikizo vya sloti, pale kipande cha RAM kinapochomekwa, linganisha pengo, halafu kandamiza pande zote mbili mpaka kishikizo kilie “tak”. Hapa ndipo wengi hukosea: wanahurumia, kipande kinakaa nusunusu, mashine haiwaki, wanadhani wameiua. Inataka nguvu kuliko unavyodhani. Na kama ni DDR5, mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati ubao mkuu wa kompyuta unajipima na RAM mpya. Ngoja, usizime.

Kuna jambo la kwetu pwani ambalo video za mafunzo kutoka ng'ambo hazilitaji. Unyevu wa hapa hupunguza umeme tuli, ingawa hauumalizi, lakini hewa ina chumvi, na kuta za zamani hutoa vumbi la chokaa. Usifungue kasha mbele ya dirisha linalopokea upepo wa kusi. Kipande kibaki kwenye pakiti yake hadi dakika ya mwisho, na kishikwe kwa kingo tu, kwani jasho la vidole nalo ni chumvi.

Mafundi wa mjini wapo, na kumpa kijana wa mtaani kazi ni jambo jema, mradi usimame pale na uone kipande ulichonunua ndicho kilichoingia.

Mimi naona njia bora kuliko zote ni kuimaliza kabla mashine haijapanda basi: mwambie muuzaji aongeze RAM na akuwashie uone. Ikishafika kisiwani, basi ifungue mwenyewe bila hofu, isipokuwa kama ni Mac mini ya 2020 au baada ya hapo yenye chipu ya Apple, ambayo RAM yake haibadilishwi kamwe. Kabla ya kununua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati wa kazi nyingi, na kwenye dirisha litakalofunguka uangalie RAM (Memory) imefika wapi. Kama haikaribii kujaa, tatizo liko kwingine na pesa zako zibaki mfukoni. Ikiwa imejaa, soma ukurasa wa mtengenezaji kuhusu modeli yako hasa, muulize muuzaji kama kufungua kasha kunavunja waranti, na akisema hakuvunji, aandike hivyo kwenye risiti. Kipande cha awali, kama umekitoa, kihifadhi: siku mashine itakaporudishwa kwa kasoro nyingine, irudi kama ulivyouziwa.