Eti tumuite bosi

Jumatatu asubuhi hata chai sijamaliza, meseji hiyo kwenye grupu la ofisi. Meneja wetu mpya anasema kuanzia leo mambo ya kumuita "dada" basi, sio profeshno, tumuite bosi. Dakika mbili hazijaisha watu wamejipanga "sawa bosi", "noted bosi", na mimi nimo, kodi ya nyumba mnaijua wenyewe.

Ila limenikaa kooni. Hilo neno Waingereza wenyewe hawakuwa nalo, ni la Waholanzi, baas, yani bwana mwenye kazi. Wamarekani wa karne ya 19 ndo wakalishika, kisa wafanyakazi weupe wa kule walikuwa hawataki kabisa kumuita mtu "master", maana hivyo ndo mtumwa alivyomuita anayemmiliki, na wao wanajihesabu watu huru, basi wakachukua neno la Kiholanzi lenye maana ileile, roho zikatulia. Kumbe bosi lilikuwa neno la kugoma kunyenyekea! Halafu shuka Afrika Kusini, baas hiyohiyo ndo mtu mweusi alitakiwa amuite mzungu, mzee mzima na mvi zake anamuita hivyo kijana wa juzi. Sasa dada yangu, wewe unataka lipi hapo?

Na wenye Kiingereza chao, wakubwa wanawatania tu. Bigwig, yani mtu mkubwa, ni yale mawigi makubwa ya mabwana wa zamani. Honcho, nalo ni bosi, wanajeshi wa Marekani waliliokota kwa Wajapani, hancho, kiongozi wa kikosi kidogo tu, leo mtu anajiita hivyo kavimba.

Haya, bosi ni fupi na halichagui mwanamke wala mwanaume, hilo nawapa.

Lakini makonda wa daladala wamenizidi akili. Mwenye gari wanamuita tajiri, basi. "Hesabu ya tajiri haijatimia." Yeye ana gari, mimi sina, jioni nampelekea chake, hakuna cha profeshno hapo.

Na "dada" mnaidharau bure. Mwaka juzi nimefiwa, meneja aliyekuwepo tulikuwa tunamuita dada, alikuja msibani akakaa na wamama jikoni anamenya vitunguu. Sijui bosi angekaa wapi.

Jana nikapitiwa nikasema, "dada, naomba saini hapa."

Akasaini.