Mambo Yakienda Kombo Uwanja wa Ndege

Suruali ilikuwa ya zamani, mkanda ulikuwa mpya. Kosa langu ni kwamba kazi yote niliuachia mkanda.

Kwenye uwanja mmoja huko Marekani, siutaji maana nauli ya kurudi naidunduliza, jamaa wa ukaguzi akaanza kunivua kama mahindi. Viatu, vua. Koti, vua. Mkanda, toa. Saa, funguo, chenji, vyote beseni la plastiki. Halafu ingia kwenye kibanda cha vioo, mikono juu! Jamani, mtu hana mkanda, unamwambia anyooshe mikono juu? Waswahili tunasema patashika nguo kuchanika. Yangu haikuchanika, iliteremka. Nikaidaka kwa magoti, nikatoka mle natembea kama bata, na beseni lenye viatu vyangu lilishatangulia.

Mama mmoja wa Kizungu nyuma yangu akanitazama kwa huruma, akatamka taratibu: "Discombobulated." Nikamshukuru sana. Nilidhani kaniombea dua.

Nilipofika Milwaukee kwa mpwa wangu, hata chai sijamaliza nikamuuliza.

"Mjomba, kasema umevurugwa."

"Basi neno hilo letu," nikamwambia. "Huoni *kombo* imekaa pale katikati? Mambo yameenda kombo, wakabandika vikorombwezo mbele na nyuma."

Mpwa akacheka mpaka akapaliwa. Kumbe ni la hukohuko Marekani. Miaka ya 1830 watu walikuwa na mtindo wa kubuni maneno yanayojifanya Kilatini, utani mtupu. Inaelekea walilichukua neno la kawaida kama *discompose*, wakalivisha joho la profesa, likatoka hivyo. Mwaka 1834 lilikuwa tayari limechapishwa, ingawa umbo lake lilikuwa bado halijatulia. Zama hizohizo likazaliwa na *absquatulate*, maana yake kutimka. Sasa huyo mama angenipa hilo la pili, pale ndipo nilipokuwa na haja nalo!

Lakini siwacheki. Sisi wenye kindumbwendumbwe na songombingo tutamcheka nani? Hebu jaribu kutamka kindumbwendumbwe huku umetulia, umekunja nne. Huwezi. Neno lenyewe linakusukumasukuma. Na hao wa 1830 walilijua hilo: ukisema "nimechanganyikiwa" watu wanakupa pole, ila ukitamka lile dude la silabi sita wanaona kabisa suruali inashuka.

Siku ya kuondoka, safari hii nimevaa suruali ya mpira, napita ukaguzi wa Milwaukee, nainua macho: kibao kinaning'inia, Recombobulation Area, yaani mahali pa kujipanga upya baada ya kuvurugwa. Nikasoma mara mbili. Chini yake viti, watu wameketi wanavaa viatu. Mzee mmoja anapitisha mkanda, karuka tanzi moja, kautoa wote, kaanza upya, wala hakuna anayemharakisha. Nikampigia mpwa. Akasema kibao kipo tangu 2008, na mwaka huohuo Chama cha Lahaja cha Marekani kikalichagua neno hilo kuwa la ubunifu kuliko yote. Umeishi na kibao hicho miaka yote hiyo, mjomba wako anafedheheka, umenyamaza?

Nikaketi. Nikamwambia, unaona sasa? Kwanza mtu anaenda *kombo*, halafu anapewa kiti *anakombolewa*. Kiswahili kitupu hicho, hata kama wao hawajui. Akaguna.

Nikafunga kamba za viatu, nikachomekea shati, nikanyanyuka kama bwana harusi. Hatua kumi tu, kipaza sauti kikaanza kuhangaika na jina langu, wanalikatakata kama mchicha. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa bado kwenye beseni.